Ufunguo Ulioko Ipole

Gongoni, Tabora
4 Agosti 1975

Mke mwenzangu Fakhria,

Salamu nimekupa, zipokee. Barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe, usidhani nimekwenda kwa yule mwandishi wa sokoni. Tangu nimalize kisomo cha watu wazima simlipi mtu tena ili asikie siri zangu. Herufi zikikushinda, kosa ni la macho yako. Wewe si mwalimu?

Habari yenyewe ni hii. Bati za upande wa jikoni zimekwisha. Nikilala chali naona nyota, na mimi si mnajimu. Baba yako Thabit yuko huko Makambako kwenye reli ya Uhuru, kila mwezi anatuma salamu. Salamu haziezeki nyumba. Mvua ikinikuta hivi hivi, ukuta wa udongo utaloa, na nyumba aliyoijenga babu yako italala chini mimi nikiitazama. Kwa hiyo nauza pikipiki yake.

Tangazo nimeshalibandika sokoni: PIKIPIKI NYEKUNDU YA MAREHEMU ABBASI INAUZWA. MJANE YUPO GONGONI. WAJANJA WASIJE. Fundi Masika kacheka. Nikamuuliza anachekea nini, akasema mwandiko.

Ufunguo haupo, unajua. Ulikwenda siku ya matanga na yule mtu asiye na adabu, na sitaki kumzungumza. Masika anasema ataunganisha waya.

Kila asubuhi naifunua shuka, naipangusa vumbi, naifunika. Usianze kulia huko Bukene. Mimi mwenyewe sijalia tangu siku ile, na sasa sina nafasi ya kuanza.

Bibi yako,
Mwanamkuu binti Hilali

*

Shule ya Msingi, Bukene
12 Agosti 1975

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua yako imefika na garimoshi la Jumapili. Nimeisoma mara tatu, na mwandiko wako ni mzuri kuliko wa mwalimu mkuu, usimwambie mtu.

Bibi, sikukatazi kuuza. Naogopa tu. Mwalimu mwenzangu Bernadeta aliuza baiskeli mwaka jana kwa mtu aliyevaa vizuri, mwenye maneno matamu. Akapewa bahasha, noti moja juu, noti moja chini, katikati magazeti yaliyokatwa kwa mkasi. Alikuja kuifungua jioni. Mpaka leo anakwenda kanisani kwa miguu na akipita mwenye baiskeli anageuza uso.

Tafadhali usinigombeze, nisikilize. Mnunuzi akija, mwite balozi wa nyumba kumi akae naye. Hela uzihesabu wewe, kisha balozi, kwenye mwanga. Kadi ya pikipiki usiitoe sandukuni mpaka hela ziwe mkononi. Na akitaka kuijaribu barabarani asiondoke mpaka akuachie rehani, kitu ambacho kweli atakirudia. Usiridhike na kitu kinachong'aa. Na Bibi, anayekusifu sana, huyo ndiye wa kumwogopa.

Nami naikumbuka pikipiki ile. Babu alikuwa akinikalisha mbele, ananiambia nishike usukani, kumbe anashika yeye.

Mjukuu wako,
Fakhria

*

Ipole
20 Agosti 1975

Kwa Bi. Mwanamkuu binti Hilali,
Gongoni, Tabora.

YAH: UNUNUZI WA PIKIPIKI

Bibi mheshimiwa, shikamoo. Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mrina asali katika kijiji cha ujamaa huku Ipole. Wenzangu wamenichagua kuizungukia mizinga yote na kukusanya asali na nta. Msitu ni mpana na miguu yangu ni miwili tu. Nilipoleta nta mjini niliona tangazo lako sokoni. Mwandiko wake unapendeza sana, unaonyesha ni wa mama mwenye hekima na heshima kubwa.

Pikipiki naihitaji, na bei utakayoitaja sitaipunguza. Kwa sababu zisizozuilika sitaweza kufika nyumbani kwako kuiona. Lakini hakuna haja. Naomba kujua tu kama kioo cha kushoto bado kimefungwa kwa waya wa shaba, na kama kiti bado kina kile kiraka cha ngozi ya mbuzi.

Kuhusu ufunguo, usisumbuke kabisa.

Wako mtiifu,
Ngollo

*

Gongoni
26 Agosti 1975

Wewe Ngollo,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba, ingawa imekaa kama chambo kwenye ndoana.

Sasa nijibu. Katika tangazo langu sikuandika kioo. Sikuandika waya wa shaba. Kiraka cha ngozi ya mbuzi nilikishona mimi kwa sindano ya magunia, na pikipiki haijatoka nje ya ua huu tangu mwenyewe alipotoka kwa jeneza. Umekionea wapi? Umepanda ukuta wangu? Na nani kakwambia nina shida ya ufunguo? Hata Masika nilimwapisha.

Mtu hataki kuiona pikipiki, hapunguzi bei, anasifu mwandiko wangu ambao fundi kauchekea. Mjukuu wangu ni mwalimu, amenionya juu yenu. Unadhani bibi kizee wa Gongoni amekaa tu anangoja kuliwa? Mimi nimezaliwa mji huu huu. Marehemu baba yangu, Hilali, aliuza nguo kwenye njia hii ya misafara kwa watu wa kila kabila, na hakuna aliyemwachia pembe bandia akaenda zake.

Kama wewe ni mtu, andika jina lako lote, la baba na la babu, na unipe sababu hizo zisizozuilika. Kama si mtu, nyamaza huko huko na nyuki wako.

Mwanamkuu binti Hilali
(mwandiko ni ule ule, usifu tena uone)

*

Gongoni
1 Septemba 1975

Mke mwenzangu,

Nimefuata maneno yako yote, kwa hiyo usiniandikie tena kama unaandikia darasa la pili.

Alikuja mtu mmoja Ijumaa, suti ya Kaunda, viatu vinang'aa, anasema ametoka Dar es Salaam, ana ofisi huko. Nikamwona ni laghai tangu mlangoni. Nikamfukuza. Basi, hakuna zaidi.

Na kuna mwingine wa Ipole anayeandika barua za kisirisiri. Huyo nimemjibu, hatathubutu tena.

Nimepata matofali mawili mazuri ya kuchoma, nimeyafanya mafiga. Natafuta la tatu. Usiniulize nimeyapata wapi.

Mwezi wa Ramadhani unaingia. Funga vizuri, usile chaki.

Bibi yako

*

Ipole
9 Septemba 1975

Bibi,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, maana ilinikalia kama mzee mwenye bakora.

Umetaka jina. Mimi ni Ngollo, mwana wa Lugembe, mjukuu wa Ngollo yule aliyekuwa mpagazi. Mnyamwezi. Mumeo Mzaramo. Babu yake alipofika na msafara kutoka pwani, homa ikamwangusha Kwihara, na babu yangu ndiye aliyechukua mzigo wake akauweka juu ya mzigo wake mwenyewe. Sisi ni watani wa makabila na watani wa nyumba. Abbasi alipokuwa akija Ipole kuchukua nta alikuwa akinitukana tangu yuko mbali, kabla hajazima pikipiki, nami namtukana mpaka anaondoka. Ndiyo maana nakijua kiraka. Nilikuwa nakikalia.

Bibi, yule mtu wa siku ya matanga ni mimi.

Nilikuja kufanya kazi ya mtani. Nilichimba kaburi pamoja na wengine, hukuniona. Siku ya tatu, watu wamejikunyata uani kama kuku wa mvua, nikaona hivi sivyo anavyotaka Abbasi. Nikachukua koti lake kwenye msumari, nikavaa na kofia yake, nikakaa juu ya pikipiki. Nikakohoa kama alivyokuwa akikohoa, mara mbili. Nikaipiga tangi kofi. Watu wakaanza kucheka, hata shehe aligeuka upande akacheka. Ndipo nikaita vile alivyokuwa akiita kila alfajiri.

Ukatoka ndani. Mjane wa siku tatu, mbele ya wanaume, na mwiko wa pilau mkononi. Kovu ninalo juu ya sikio.

Nilikimbia na koti, na kofia, na ufunguo ulikuwa tayari mfukoni. Nilidhani mtakuja kukomboa kama desturi ilivyo, kuku mmoja tu, tucheke, yaishe. Hakuja mtu. Na kitu alichokichukua mtani msibani hakirudishi bure, ni kama kumwambia marehemu hakuwa na watu. Basi nimekaa navyo miaka mitatu. Ufunguo unaning'inia kwenye nguzo ya kitanda changu. Mke wangu Leonia anasema kila akiuona anasikia kikohozi.

Pikipiki naitaka kweli. Hela ni halali, ni ya asali. Lakini nilikuficha jina kwa kuogopa mwiko.

Ngollo Lugembe

*

Ipole
29 Septemba 1975

Bibi,

Nimengoja wiki tatu. Dereva wa lori anasema barua alikutia mkononi, ukaitia chini ya mkeka.

Kama umeudhika, basi. Nitaitafutia pikipiki yako mnunuzi mwingine, mtu ninayemjua, asiye mtani wa mtu. Na ufunguo niamuru tu, nitampa dereva auache kwako bila kuku, bila neno. Desturi nitaivunja mimi, lawama iwe yangu.

Ngollo

*

Gongoni
10 Oktoba 1975

Ngollo Lugembe, mpagazi mwana wa mpagazi,

Usithubutu kumpa dereva ufunguo wangu. Dereva yule anapoteza hata abiria.

Nilikuwa katika funga. Nilisema nisishike kalamu kwa hasira ndani ya mwezi mtukufu. Uongo. Nilishika, nikachana karatasi nne. Leo Idi imepita, sina tena pa kujificha.

Nianze na la aibu. Siku tatu baada ya kukufokea wewe, alikuja mtu kwangu mwenye suti na viatu vya kung'aa. Akanisifu. Akasifu nyumba, akasifu mpaka kuku. Balozi nikaona taabu kumwita, jua kali. Akasema ataisukuma mpaka kwa fundi iunganishwe waya, na rehani akaniachia sanduku la ngozi, zito, lina kufuli, eti nyaraka za serikali zimo. Nikasema sawa. Mimi! Binti Hilali!

Amefika kona ya msikiti anaipiga teke iwake, haiwaki, anaipiga, haiwaki. Watu wanatoka Alasiri. Mzee Luhende akamuuliza, "Pikipiki ya Abbasi unaipeleka wapi?" Yule akasema anaijaribu. "Bila ufunguo?" Akaiacha pale pale, akatokomea. Masika akanirudishia. Tukavunja kufuli. Matofali mawili, yamefungwa kwa gunia lililoloa.

Ingekuwa na ufunguo, angekuwa Nzega kabla sijavaa kanga. Bati, ukuta, nyumba, vyote kwaheri. Ulichokiiba wewe ndicho kilichonilindia. Nimekaa na jambo hilo mwezi mzima linanikwaruza kama mchanga kwenye futari. Mjukuu wangu sijamwambia. Nimemwambia nilimfukuza mlangoni.

Sasa lile la matanga. Unadhani nilikupiga kwa sababu sijui utani? Nimeishi na Mzaramo miaka thelathini na sita, nimetukanwa na Wanyamwezi kwenye harusi yangu mwenyewe. Nilijua. Ulipokohoa nilijua ni wewe, mpumbavu mmoja wa Ipole. Ulipoipiga tangi nilijua. Lakini ulipoita "Binti Hilali, mlango!" mimi nilisimama, Ngollo. Katikati ya wanawake, na eda yangu, nilisimama kwenda kumfungulia. Nilikuwa nimeshaanza kumgombeza moyoni kwamba kofia hajavaa. Nimefika hatua ya tatu ndipo nikakumbuka.

Kwa hatua zile tatu ndiyo nilikupiga. Mwiko ulivunjika, na ulikuwa wa mkwe wangu.

Kukomboa, nilijua natakiwa kukomboa. Kuku ninao. Lakini ukishakomboa, matanga yamekwisha.

Sikiliza. Siku ile hukumaliza, nilikukatiza. Njoo. Koti, kofia, ufunguo, vyote, na hela yako. Jogoo nimeshamfunga mguu, ni mkorofi kama wewe. Balozi atakuwepo, hela zitahesabiwa mara mbili, na kadi hutaiona mpaka nitosheke. Utani mahali pake na pikipiki mahali pake.

Mwiko ninao mpya.

Mwanamkuu binti Hilali

*

Gongoni, Tabora
24 Oktoba 1975

Mke mwenzangu Fakhria,

Kaa chini kwanza. Nilikudanganya. Yule wa suti sikumfukuza, nilimkaribisha, nikamwamini, na yale mafiga yalitoka ndani ya sanduku lake. Umecheka? Haya, sasa nyamaza, nina kubwa kuliko hilo.

Jumamosi amekuja Ngollo Lugembe wa Ipole, yule wa matanga. Ufunguo alikuwa nao yeye siku zote hizi. Amekuja na lori la tumbaku, na dumu la asali, na kovu lake. Amesimama nje ya ua, haingii.

"Hodi wenyewe! Mwiko uko wapi?"

"Uko jikoni. Ingia, mpagazi, mzigo wako uko wapi leo?"

"Niliuacha Kwihara, naona Wazaramo bado wamelala hawajauchukua."

Balozi wetu, mama Siwema, katoa macho, anadhani tunagombana.

Nimemkabidhi jogoo. Kampima kwa mkono, kasema mnyonge huyu, hata Abbasi hakufa amekonda hivi, nikamwambia chukua au acha. Akachukua. Akaniwekea ufunguo kiganjani. Mdogo hivi, Fakhria. Nilikuwa nimesahau kuwa ni mdogo.

Hela tumezihesabu uani kwenye jua, mimi, kisha mama Siwema, kisha mimi tena kwa sababu ya bahasha ya Bernadeta. Zimetimia. Ngollo amekaa kama mwanafunzi anayengoja kusahihishiwa. Bati Masika ameshaninunulia, anaanza kuezeka Jumatatu, kwa hiyo mvua ije inavyotaka.

Kadi nikawa nayo mfukoni bado. Akasema anataka kwanza aijaribu barabarani.

Nikamwambia, "Rehani."

Akacheka. Akaona sicheki. Akasema hana kitu, hela zote ninazo mimi, jogoo mwenyewe ametoka kwangu. Nikasema mjukuu wangu ameamuru, kitu atakachokirudia kweli, la sivyo haitoki. Akafikiri. Kisha akavua koti la babu yako, alilokuja amelivaa, akalikunja, akaniwekea mikononi.

Lina viraka viwili ambavyo si vyangu. Leonia amelitunza. Lilikuwa na joto, Fakhria. Joto la huyu mpumbavu, najua, lakini lilikuwa na joto.

Akavaa kofia. Akakaa. Akakohoa mara mbili. Akaipiga tangi kofi. Mama Siwema akacheka, kisha akaniangalia mimi, akaziba mdomo. Ngollo akanitazama kwanza, kama anayeomba ruhusa. Nikasema, "Endelea, unangoja nini?"

Akaitia ufunguo. Akaipiga teke mara moja, ya pili, ya tatu ikanguruma, na ua mzima ukanuka petroli na alfajiri zangu zote.

"Binti Hilali, mlango!"

Nimelia kutoka pale nilipokuwa mpaka kwenye mlango wa ua. Nimelia wazi mbele ya balozi, na koti kifuani, na huku namgombeza babu yako kwa sauti kwamba apite polepole mbele ya madrasa, watoto wanavuka. Nikaondoa komeo. Nikaufungua wote, pande mbili.

Alipofika sambamba nami akapunguza moto, akauliza azungukie wapi. Nikamwambia ashike njia ya Kwihara, na asirudi haraka.

Bibi yako,
Mwanamkuu binti Hilali